Maswali manane kuhusu maisha ya Mama: tathmini ya kipimo cha ASCOT

Mwezi Machi sisi ndugu wanne tulikutana nyumbani kwa Mama, Buruburu, ili kuzungumzia mchango tunaoutoa kila mwezi kwa ajili ya kumtunza. Mama ni mwalimu mstaafu. Alipatwa na kiharusi mwaka juzi, mkono na mguu wake wa kushoto vikalegea, na baada ya miezi kadhaa tukaanza kuilipa kampuni moja ya hapa Nairobi shilingi 38,000 kwa mwezi ili ituletee mlezi wa kushinda naye siku sita za juma, pamoja na shilingi 20,000 nyingine za mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayefika mara mbili kwa juma. Kaka yetu mkubwa, ambaye ndiye anayetoa fungu kubwa kuliko sisi sote, aliuliza swali ambalo baadhi yetu tulilipokea kwa uchungu ingawa lilikuwa la haki: ikiwa kila tukienda kliniki tunaambiwa kwamba hali ni ile ile, fedha hizi zinanunua nini hasa?

Tathmini hii imetokana na swali hilo. Ninachokipima hapa si kampuni iliyotuletea mlezi, ingawa nitaigusa njiani, bali ni chombo tulichokitumia kutafuta jibu, yaani hojaji iitwayo ASCOT, ambayo iliundwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Kent nchini Uingereza, Ann Netten akiwa miongoni mwa waliouongoza utafiti huo, kwa nia ya kupima ubora wa maisha ya watu wanaopokea huduma za ustawi wa jamii. Nimeitumia kwa Mama mara tatu, mwezi wa Aprili, wa Juni na wa Septemba, na ninaandika kwa ajili ya familia zilizo katika hali kama yetu, na pia kwa yeyote mwenye sauti katika kuamua fedha za umma za kuwatunza wazee na watu wenye ulemavu ziende wapi.

Sharti nianze na kipimo kilichotuacha bila jibu. Kliniki anayohudhuria Mama hutumia fomu fupi ya EQ-5D, iliyobuniwa na kundi la watafiti la EuroQol ambalo lilianza kukutana mwaka 1987 na ambayo leo imeenea duniani kote. Ina maswali matano tu: kutembea, kujihudumia, shughuli za kawaida, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Katika toleo lenye ngazi tano kwa kila swali, majibu yanaweza kupangika kwa namna 3,125, na kila mpangilio hupewa thamani kwenye mizani ambayo afya kamili ni 1 na kifo ni 0. Thamani hiyo ikizidishwa kwa miaka, tunapata kile ambacho wachumi wa afya hukiita QALY, yaani mwaka wa maisha uliorekebishwa kwa ubora wake. Taasisi ya NICE ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1999, ilijulikana kwa miaka mingi kwa kuona kwamba dawa inayogharimu hadi kati ya pauni 20,000 na 30,000 kwa kila QALY moja inafaa kulipiwa na serikali. Ni utaratibu wenye heshima yake, kwa maana unamlazimisha mwenye fedha aeleze waziwazi kwa nini anamlipia huyu na kumwacha yule.

Mama alijaza fomu hiyo mwezi wa Novemba na tena mwezi wa Machi. Jibu moja tu lilisogea, lile la wasiwasi, nalo kwa ngazi moja. Hawezi kutembea bila kushikwa, hawezi kuoga peke yake, na mkono hauna nguvu ya kushika sufuria. Yote hayo ni kweli, na kama ningekuwa afisa wa bajeti mwenye karatasi hizo mbili mezani na hakuna kingine, ningekata fedha za mlezi siku hiyo hiyo.

Lakini tazama lile swali la kujihudumia linavyouliza. Linataka kujua kama mtu anaweza kujiosha na kujivisha mwenyewe. Mzee anayeogeshwa kila asubuhi kwa maji ya uvuguvugu, akapakwa mafuta na kuvishwa nguo aliyoichagua, atajibu kwamba hawezi. Na mzee aliyeachwa siku tatu juu ya shuka lenye unyevu atajibu vivyo hivyo kwamba hawezi. Fomu itawaweka hawa wawili mahali pamoja. Huduma ya ulezi haikuletwa ili mkono upone. Kazi yake yote iko katika ile tofauti kati ya wazee hawa wawili, na tofauti hiyo ndiyo ambayo kipimo cha afya hakiioni.

ASCOT inaanzia hapo. Inauliza kuhusu mambo manane: kujiamulia mambo ya kila siku, usafi wa mwili na mavazi, chakula na vinywaji, usalama, kuwa na watu, namna mtu anavyoutumia muda wake, usafi na starehe ya makazi, na heshima. Kila jambo lina ngazi nne, na ubora wa chombo hiki, kwa maoni yangu, uko katika umbali uliowekwa kati ya ngazi ya kwanza na ya pili. Katika chakula, kwa mfano, ngazi ya kwanza ni ya mtu anayekula anachokipenda wakati anapokitaka. Ya pili ni ya mtu anayepata chakula cha kutosha kwa wakati unaofaa. Ya tatu ni ya mtu ambaye mara nyingine hapati cha kutosha. Na ya nne ni ya mtu ambaye upungufu huo unahatarisha afya yake. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na mahitaji yake yote yametimizwa na bado akawa mbali na maisha anayoyataka, na karatasi ikalionyesha hilo bila kumfanya aonekane mlalamishi.

Kuhusu chakula na usafi wa nyumba sina mengi ya kusema. Mama anakula vizuri, uji wake wa wimbi anaupata, nyumba inapigwa deki kila siku. Alikuwa katika ngazi ya kwanza au ya pili mara zote tatu, na tuliendelea.

Kujiamulia ndiko kulikotushika. Nilidhani Mama angezungumzia ratiba ya kampuni, na kweli aliigusa: kwa muda wa miezi kadhaa alikuwa akiogeshwa saa mbili asubuhi kwa sababu mlezi aliripoti saa moja na nusu, ilhali mwanamke huyu ameoga saa kumi na moja alfajiri tangu siku alipoanza kufundisha. Hata hivyo, aliponyamaza kidogo, alisema jambo jingine. Alisema kwamba hajagusa simu yake ya M-Pesa tangu atoke hospitalini. Dada yangu ndiye anayeishika, mimi ndimi ninayeijua namba ya siri, na pensheni yake ikiingia tunampangia. Tulifanya hivyo kwa nia njema, kwa sababu majuma ya kwanza alikuwa akichanganya tarakimu. Majuma hayo yalikwisha na simu haikurudi. "Mwanangu," aliniambia, "mtu akija kuniomba mia mbili ya dawa, nami ninaomba kwako kwanza." Alijiweka katika ngazi ya tatu, na aliyemweka hapo hakuwa mlezi wala kampuni. Tulimrudishia simu jioni hiyo, na mwezi wa Juni akapanda hadi ngazi ya pili bila senti moja kutumika. Sijui ni fomu gani ya hospitali ingetufikisha kwenye mazungumzo hayo.

Heshima nayo imeulizwa kwa namna ambayo sikuwahi kuifikiria. Kuna maswali mawili: la kwanza linauliza jinsi mtu anavyojiona kwa sababu tu kwamba anahitaji kusaidiwa, na la pili linauliza jinsi namna anavyosaidiwa inavyomfanya ajione. Haya ni mambo mawili, na yeyote aliyemwogesha mzazi wake anajua kwamba la kwanza halina dawa ya haraka. Mama alijibu kwamba kuhitaji msaada kunamwumiza, na pengine kutamwumiza siku zote. La pili lilikuwa na historia. Mlezi wa kwanza alimwita shosho, yaani nyanya au bibi, jina ambalo kwa vijana wengi wa Nairobi lina upendo ndani yake, lakini alikuwa pia na tabia ya kujibu kwa niaba yake wageni walipomsalimu, na kusema "tumekula, tumelala vizuri" huku Mama akiwa ameketi pale pale. Mlezi aliyepo sasa alimwuliza siku ya kwanza angependa aitwe nani. Anamwita Mwalimu. Ngazi mbili nzima zilipandwa kwa neno hilo moja, na bei ya huduma ni ile ile.

Kwa nini basi tulipata walezi zaidi ya mmoja? Hapa ndipo ninapoigusa kampuni, ambayo sitaitaja jina. Katika miezi miwili ilibadilisha walezi mara tatu bila kutuarifu, kila mara kwa maelezo kwamba aliyetangulia amehamishiwa kwa mteja mwingine. Kwa mtu mwenye nguvu hilo ni usumbufu mdogo. Kwa mtu anayeshikwa kiunoni ili afike chooni, kutojua ni nani atakayefungua lango asubuhi ni hofu inayoanza usiku. Swali la usalama lililiona jambo hilo mwezi wa Aprili, tukalipeleka kwa wasimamizi likiwa limeandikwa, na tangu Mei mlezi ni yule yule. Nasikitika kwamba malalamiko yetu ya mdomo, ambayo yalikuwa mengi, hayakuzaa kitu mpaka yalipopata karatasi.

Na kuhusu muda: Mama sasa huketi barazani kuanzia saa kumi, watoto wa majirani wakitoka shule wanamletea insha zao azisahihishe. Mkono wa kulia ni mzima. Tatizo lilikuwa mkono wa kushoto, ambao ndio huishika karatasi isiteleze, mpaka mlezi alipobuni kuweka mkebe wa kakao uliojaa mchanga kwenye pembe ya daftari. Ukiniuliza fedha zetu zinanunua nini, nitakuonyesha mkebe huo. Kwa haki, fomu ya EQ-5D nayo ina swali la shughuli za kawaida, na mtu mwingine angeweza kuiingiza kazi ya insha humo. Mama alipoulizwa kuhusu shughuli za kawaida alifikiria kupika, kufua na kwenda sokoni, akajibu kwamba hawezi.

Hadi hapa nimekisifu chombo hiki, na sifa hizo ninazisimamia. Sasa niseme kinapolegea, kwa sababu yeyote atakayekichukua kama kilivyo na kukileta Nairobi atapata majibu yasiyofaa kuamulia fedha za mtu.

Mara ya kwanza nilipomwuliza, tulikuwa sebuleni, mlezi akikunja nguo kando yetu. Majibu yote yalikuwa ya ngazi ya kwanza. Nilipaswa kulitarajia hilo. Sisi ni watu tunaosalimiana kwa kuuliza hujambo, na jibu linakuja sijambo hata kama mtu amezika juzi; atakachokuwa nacho atakieleza baadaye, taratibu, baada ya chai. Mzee wa hapa akiulizwa na mwanawe kama anatunzwa vizuri, mbele ya mtu anayemtunza, atashukuru. Kumkosoa mtu aliyekuogesha asubuhi ni utovu wa adabu, na kumwambia mwanao kwamba hukutosheka ni kumwongezea mzigo. Nilirudia siku ya pili, barazani, mlezi akiwa ametumwa dukani, na badala ya kumwuliza yuko ngazi gani nilimwomba kwanza anisimulie siku moja ya juma lililopita ambayo haikwenda alivyotaka. Ndipo ngazi zilipoanza kushuka na ukweli kutoka. Ninakiri kwamba utaratibu huo si ule uliowekwa na waliobuni hojaji. Ninashikilia hata hivyo kwamba serikali ya kaunti au shirika lolote likituma vijana wenye tableti wawaulize wazee maswali haya kwa dakika kumi mlangoni, litaleta takwimu za shukrani na kuziita ubora wa maisha.

Ugumu wa pili uko katika swali ambalo ndilo moyo wa chombo chenyewe. Katika toleo la mahojiano, baada ya kueleza hali yake ya sasa, mtu huombwa afikirie hali ingekuwaje kama huduma isingekuwepo na hakuna msaada mwingine uliojitokeza. Tofauti kati ya majibu hayo mawili ndiyo faida ya huduma. Ni wazo zuri sana, kwa kuwa linatuondoa kwenye kulinganisha Novemba na Machi, miezi ambayo ugonjwa wenyewe ungeweza kubadilika kwa sababu zake, na kutupeleka kwenye kulinganisha kuwa na mlezi na kutokuwa naye. Lakini Mama alikataa kulifikiria hivyo. "Pasiwe na mtu yeyote?" aliuliza. "Binti wa mjomba wako angeletwa kutoka nyumbani." Na anasema kweli. Katika familia nyingi za hapa, mlezi wa kulipwa asipokuwepo pengo halibaki wazi. Huzibwa na msichana aliyekatiziwa masomo, au na binti aliyeacha kazi. Mdogo wangu wa kike alifunga duka lake la vitambaa kwa miezi saba baada ya kiharusi, kabla hatujaanza kulipa kampuni. Faida ya huduma tunayoinunua imegawanyika, nusu iko katika kiti cha Mama na nusu iko katika duka lililofunguliwa tena, na ukimhoji Mama peke yake utaiona nusu ya kwanza tu. Waliobuni ASCOT wanalijua jambo hili, na wametengeneza hojaji ya pili kwa ajili ya jamaa wanaotunza. Ushauri wangu ni kwamba hojaji hizo mbili zisitenganishwe kamwe katika nchi ambayo ulezi mwingi haulipwi.

Kuna pia suala la uzito. Mambo manane hayahesabiwi sawa. Watafiti waliwauliza watu wa Uingereza ni hali gani iliyo bora kuliko zote na ipi iliyo mbaya kuliko zote, kisha wakawapima kwa kuwauliza wangekuwa tayari kuachilia kiasi gani cha umri ili waepuke hali fulani, na kutokana na majibu hayo, yaliyochapishwa mwaka 2012, kila ngazi ikapewa thamani. Kujiamulia ndiko kulikopata uzito mkubwa zaidi. Inawezekana kabisa kwamba watu wa Kenya wangesema hivyo hivyo. Kisa cha simu ya M-Pesa kinanielekeza huko. Inawezekana pia kwamba kuwa na watu kungepanda juu zaidi, au heshima. Hilo haliwezi kukisiwa. Ethiopia na Uganda zimekwisha kuwauliza watu wao kuhusu EQ-5D na kupata thamani zao wenyewe, kwa hiyo kazi ya namna hiyo inawezekana katika ukanda huu, na ninaamini inafaa kufanywa pia kwa kipimo cha ulezi kabla shilingi ya umma haijagawanywa kwa thamani za watu wengine.

Jambo moja sikulipata kabisa katika ASCOT. Mama ni mtu anayeulizwa. Mpwa akitaka kuoa, majirani wakigombana kuhusu ukuta, mtu atakuja kuketi naye. Baada ya kiharusi walipungua, kwa kudhani kwamba ni mgonjwa, na hilo lilimwumiza kuliko mguu. Hojaji nyingine ya Kiingereza, ICECAP-O, iliyoundwa kwa ajili ya wazee, inalikaribia jambo hilo: ina vipengele vitano tu, navyo ni upendo na urafiki, kutokuwa na hofu ya mambo yajayo, kufanya mambo yanayokufanya ujione una thamani, furaha, na kujitegemea. Imejengwa juu ya fikra za Amartya Sen, mchumi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1998, ambaye alisisitiza kwamba tutazame kile ambacho mtu ana uwezo wa kukifanya na kuwa, wala tusitosheke na jinsi anavyosema anajisikia, kwa sababu mtu aliyezoea dhiki hujifunza kutaka kidogo. Nilimsomea Mama vipengele hivyo vitano, na cha tatu kilimfanya anyooshe mgongo. Hata hivyo, hojaji hiyo haiwezi kukuambia kwamba lango linafunguliwa na mgeni kila juma, na ninapolazimika kuchagua chombo kimoja cha kuamulia malipo ya mlezi, ninachagua ASCOT.

Kutoka mchango wa familia hadi bajeti ya taifa hatua si ndefu kama inavyodhaniwa. Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaitaka dola ihakikishe kwamba wazee wanashiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, wanaishi kwa utu na heshima bila kudhulumiwa, na wanapata matunzo yanayofaa kutoka kwa familia zao na kwa dola. Ukiyasoma maneno hayo polepole utaona kwamba ni orodha ya ubora wa maisha, na kwamba afya ni sehemu yake ndogo. Lakini tunapofika kwenye fedha, tuna njia mbili kuu. Moja ni bima: tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii imechukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya afya, na asilimia 2.75 ya mshahara wangu huenda huko kulipia matibabu, si mtu wa kumwogesha Mama nyumbani. Nyingine ni Inua Jamii, ambayo humpa mzee aliyefikisha miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi, iwapo hana pensheni ya serikali. Mama, kwa kuwa ana pensheni ya ualimu, hayumo. Jirani yetu wa nyuma yumo, na shilingi hizo anazihitaji sana. Nisieleweke vibaya: ninaunga mkono fedha hizo zitolewe kwa kigezo rahisi cha umri, kwa sababu kumhoji mzee maswali manane kabla ya kumpa unga ni kumdhalilisha. Ninachosema ni kwamba siku kaunti ya Nairobi au wizara itakapotaka kuchagua kati ya kituo cha mchana cha wazee, walezi wa nyumbani, na kuongeza fedha taslimu, kipimo cha afya peke yake kitaonyesha kwamba vyote vitatu havina faida kubwa, na vitaangushwa na dawa yoyote itakayosogeza namba ya shinikizo la damu.

Waingereza wenyewe walilitambua hilo kwa hatua. NICE ilipewa jukumu la huduma za ustawi wa jamii mwaka 2013. Sheria ya matunzo ya mwaka 2014 ikataja waziwazi utu wa mtu na uwezo wake wa kujiamulia kama sehemu za ustawi wake. Na maswali ya ASCOT yamo katika utafiti ambao halmashauri za England huufanya kwa watu wanaopokea huduma zao. Pamoja na hayo, alama ya ASCOT haiwezi kuwekwa kando ya QALY na kuhesabiwa kama sarafu ile ile, kwa kuwa 1 ya kipimo hiki ni maisha ambayo mtu anayataka katika mambo yote manane, na 1 ya kipimo kile ni mwili usio na ugonjwa. Ndiyo sababu mradi ulioongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Sheffield umetengeneza EQ-HWB, hojaji yenye maswali 25, pamoja na muhtasari wake wa maswali 9, iliyokusudiwa kupima afya, ulezi na hali ya jamaa wanaotunza kwa mizani moja. Ninaitazama kwa hamu na kwa tahadhari. Mizani moja inamrahisishia kazi anayegawa fedha, lakini kadiri maswali yanavyopungua ndivyo mkebe wa kakao unavyozidi kukosa mahali pa kuandikwa.

Kwa familia, basi, ninaipendekeza ASCOT bila kusita, kwa masharti matatu: mzee aulizwe akiwa peke yake, jamaa anayetunza aulizwe pia, na mtazame majibu manane yenyewe badala ya kuyajumlisha kuwa namba. Sisi hatukuihesabu namba hiyo hata mara moja na hatukuikosa. Kwa watumiaji wasio wa kibiashara hojaji haina malipo, ila unatakiwa kuomba idhini kwa chuo. Itakuchukua alasiri nzima ukiifanya kwa ukweli.

Mwezi wa Septemba tulikutana tena barazani. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa amekwisha kutuambia kwamba mazoezi mengi mlezi ameyajua na anaweza kuyasimamia, kwa hiyo tulipunguza ziara zake hadi moja kwa juma, na shilingi 10,000 zilizobaki tukazigawa: sehemu inalipa teksi ya kumpeleka Mama kwenye kikundi cha akina mama cha kanisa kila Alhamisi, ambako hakuwa amefika tangu augue, na sehemu inamlipa mlezi kwa saa nne za Jumapili ili mdogo wangu apumzike. Kaka yangu alisema kwamba sasa amelipata jibu la swali lake la Machi, na akaomba kwamba mwezi wa Januari yeye ndiye amhoji Mama.

Mama aliitaka karatasi. Sikuwa nimetumia tafsiri yoyote rasmi. Nilikuwa nimejiandikia maswali kwa Kiswahili changu mwenyewe, na pale kwenye swali la kwanza nilikuwa nimeandika "udhibiti wa maisha ya kila siku". Aliweka mkebe kwenye pembe ya karatasi, akachukua kalamu yake nyekundu, akalikata neno hilo kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake akaandika "kujiamulia". Kisha akampa kaka yangu.